Harufu sugu katika magari na vipuri vya mitumba: Namna ya kuitambua na kuiondoa

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, gari moja aghalabu hufanya kazi ya magari matatu. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa kutoka Borabu, mchana hupeleka abiria Keroka au Ogembo, na jioni hurejea na magunia ya omena au mikungu ya ndizi. Mara nyingi gari lenyewe ni Toyota Probox, aina iliyoanza kuundwa Japani mwaka wa 2002 kwa ajili ya shughuli za kibiashara na ambayo katika vilima vya Gusii imegeuka kuwa teksi, matatu na kigari cha mizigo kwa wakati mmoja. Huwa limetumiwa ng'ambo kwa miaka kadhaa, likauzwa Mombasa au Nairobi, na pengine likapitia kwa wamiliki wengine wawili watatu kabla ya kufika kwa huyu wa sasa. Katika safari hiyo yote hukusanya harufu.

Desturi ya wengi ni kununua marashi ya kuning'inizwa kwenye kioo cha dereva na kuliacha suala lenyewe hapo. Marashi hayaondoi kitu. Hufunika harufu kwa siku chache, kisha yakachanganyika nayo na kuzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko zile mbili za kwanza. Isitoshe, baadhi ya harufu ndani ya gari ni taarifa ya hatari, na kuzifunika ni sawa na kuifunga mdomo kengele inayolia. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha harufu ya kuoshwa na harufu ya kupelekwa kwa fundi, na jinsi ya kuing'oa ile ya kwanza katika mazingira ya mvua nyingi kama ya Kisii na Nyamira.

Mvua na unyevu wa Gusii

Mji wa Kisii uko katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na eneo zima la Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, nyingine hufuata kati ya Septemba na Novemba, lakini ni nadra mwezi kupita bila tone. Mkazi wa Garissa akiosha kiti cha gari asubuhi, jioni kimekauka. Mkazi wa Nyamira akikiosha vivyo hivyo mwezi wa Aprili, wiki nzima itapita sponji ya ndani ikiwa bado na unyevu, na unyevu huo utazaa uvundo mbaya kuliko uchafu uliokuwa ukioshwa.

Kwa sababu hiyo ushauri mwingi unaotoka katika nchi kavu haufai hapa. Kanuni ya Gusii ni maji kidogo na upepo mwingi. Kazi kubwa ya kuosha viti na zulia ifanywe Januari na Februari iwapo inaweza kungoja. Ikiwa haiwezi kungoja, kiti kitolewe garini na kukaushwa ndani ya nyumba penye hewa inayopita, au karibu na jiko la kuni, mbali na ndimi za moto.

Ifahamike pia kwamba magari mengi hufika nchini yakiwa tayari yamebeba mbegu za kuvu. Majira ya joto nchini Japani huwa na unyevu mwingi, gari hufungiwa melini kwa wiki kadhaa, kisha huegeshwa katika fukuto la Mombasa likiwa na madirisha yaliyofungwa. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi umri wa miaka minane, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutaka yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Mnunuzi asidhani kwamba cheti hicho kinamhakikishia gari lisilonuka.

Ipe harufu jina lake

Kiswahili kimejaliwa msamiati wa harufu ambao lugha nyingi hazina. Kitu kizuri hunukia, kibaya hunuka. Kiambishi kimoja tu hutenganisha ubani na mzoga. Samaki ana shombo, na wengine husema vumba. Nguo iliyolala na maji ina uvundo. Maziwa na uji huchacha. Jasho la siku nyingi ni kutuzi. Mhariri anayemwachia mwandishi aandike "harufu mbaya" mara tano katika ukurasa mmoja anamnyima msomaji taarifa, na dereva anayemwambia fundi "gari linanuka" bila kuongeza neno anamnyima fundi vivyo hivyo.

Majina hayo yanaendana na kemia kwa kiasi cha kushangaza. Shombo hutokana na amini, hasa traimethilamini, ambazo zina tabia ya alikali. Hutulizwa kwa asidi kama siki au maji ya limau. Kilichochacha, kinyume chake, kimejaa asidi zilizotengenezwa na bakteria. Hutulizwa kwa kitu chenye alikali hafifu kama bikaboneti ya soda, ile inayotumiwa na waokaji. Uvundo ni kazi ya kuvu na bakteria wanaoishi kwa unyevu, na hautaondoka mahali pangali na maji. Kutuzi ni mafuta ya mwili yaliyooza na huhitaji sabuni. Anayemwagia siki maziwa yaliyochacha anaongeza asidi juu ya asidi, kisha analalamika kwamba siki haifanyi kazi.

Wapo wanaochanganya siki na bikaboneti katika chombo kimoja kwa kuwa povu lake hupendeza macho. Viwili hivyo huuana, na kinachobaki ni karibu maji matupu yenye chumvi. Vitumiwe kwa zamu.

Harufu zisizooshwa

Kabla ya kushika ndoo, mwenye gari ahakikishe kwamba harufu anayoisikia haitoki katika mtambo.

Harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari ndiyo inayopaswa kuhofiwa kuliko zote. Moshi huo huandamana na gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina rangi wala harufu na huua. Katika magari yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kama Probox, moshi hupenya kwa urahisi raba ya mlango ikichakaa au mlango ukifungwa nusu kwa sababu ya mzigo mrefu, kwa maana gari likiwa mwendoni hewa ya nyuma huvutwa ndani. Abiria wakilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu ambacho huisha wakishuka, gari lisimamishwe, likaguliwe bomba la ekzosi na raba ya mlango. Kulala ndani ya gari hilo huku injini ikinguruma ili kupata joto usiku wa baridi ni kuhatarisha maisha.

Harufu ya yai viza kwa kawaida hutoka katika betri inayochajiwa kupita kiasi au katika kichujio cha gesi cha ekzosi. Ikitoka kwenye betri, ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na betri iliyo katika hali hiyo hutoa pia haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala wa kugusisha nyaya. Gesi hii pia hulegeza hisi ya kunusa. Kutoisikia tena baada ya muda hakumaanishi kwamba imekwisha.

Harufu tamu, kama ya sharubati iliyopashwa moto, inayoambatana na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele, huonyesha kwamba dawa ya rejeta inavuja kutoka kwenye hita iliyo chini ya dashibodi. Dawa hiyo ni sumu, na zulia la upande wa abiria hulowa bila mtu kujua. Kuosha zulia bila kubadilisha hita ni kazi ya bure.

Kisha kuna shombo pasipo na samaki. Plastiki ya nyaya na soketi ikipata joto kupita kiasi huweza kutoa harufu inayofanana sana na ya samaki. Katika mji kama Kisii, ambako omena hupitishwa garini kila siku, ni rahisi kuwalaumu samaki wasiohusika. Dereva ajiulize iwapo harufu huja taa kubwa au feni zinapowashwa. Kama ndivyo, fundi wa umeme aitwe siku hiyo hiyo.

Petroli haina haja ya maelezo marefu. Ikinuka ndani ya gari lililoegeshwa, kuna uvujaji wa tangi, mpira au kifuniko, isipokuwa kama mwenye gari amekuwa akibeba mafuta kwa jerikeni kupeleka vijijini. Desturi hiyo ya mwisho imezoeleka mno, na mvuke unaobaki ndani ya jerikeni "tupu" ndio unaowaka upesi zaidi.

Uvundo wa maji

Baada ya kuondoa shaka ya mitambo, adui mkuu katika eneo hili ni maji yaliyojificha. Zulia la gari lina tabaka la sponji au pamba nzito chini yake ambalo hushika maji kwa majuma mengi huku sehemu ya juu ikionekana kavu kabisa. Usiliamini jicho. Bonyeza zulia kwa kitambaa cheupe kikavu, simama juu yake kwa dakika moja, kisha ukitazame kitambaa.

Likiwa limelowa, zulia lazima liinuliwe. Viti vya mbele vya magari mengi ya Toyota hushikiliwa na nati nne kila kimoja, na spana nambari 14 aghalabu hutosha. Tahadhari moja: kiti chenye mfuko wa hewa wa usalama ubavuni kina waya wenye soketi ya manjano chini yake. Tenganisha kwanza waya hasi wa betri, ungoje dakika kadhaa, ndipo uitoe soketi hiyo. Kiti kikishatoka, tabaka la chini likatwe na kutupwa ikiwa limeoza. Kipande cha aina hiyo hupatikana kwa washona viti, na ni nafuu kuliko juhudi za kukifufua kilichooza.

Lakini maji yaliingiaje? Swali hili husahaulika, na ndiyo sababu gari huoshwa kila mwezi na kuvunda kila mwezi. Mahali pa kutazama ni pachache. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji ambao hujaa majani na kuziba. Raba za milango hukauka na kupasuka. Taa za nyuma zilizotolewa baada ya ajali na kurudishwa bila raba yake huingiza maji hadi kwenye shimo la gurudumu la akiba, ambako hujaa kama karai. Mtu mmoja akae ndani na tochi huku mwingine akimwaga maji juu ya gari taratibu, akianzia chini kwenda juu, uvujaji utajionyesha.

Kuvu yenyewe, yale madoa meupe au ya kijani kwenye kitambaa na mikanda, isisuguliwe ikiwa kavu, kwani mbegu zake hupeperuka na kuingia mapafuni. Vaa barakoa, fungua milango yote, nyunyiza siki nyeupe isiyochanganywa na maji, ngoja kwa saa moja, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Kausha kabisa. Magunia madogo ya makaa ya mti yaliyowekwa chini ya viti husaidia kufyonza unyevu na harufu iliyobaki. Makaa ya dukani yaliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo yana nguvu zaidi, ila ya jikoni hayakosi faida. Wengine hutumia unga wa kahawa. Eneo hili lina kahawa yake tangu miaka ya 1930, Gusii ilipokuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuilima, na unga wake hufyonza harufu kiasi. Ila sehemu kubwa ya kazi yake ni kufunika, na gari lililovunda likinukia kahawa bado limevunda.

Upo uvundo mwingine unaotokea feni inapowashwa tu, mfano wa soksi zilizolowa. Huo unaishi katika koili ya kupozea hewa iliyo nyuma ya dashibodi, ambako maji hutona na kuvu kuota. Kwa kuwa hewa ya hapa ni baridi, madereva wengi hawawashi kipoza hewa hadi siku ya mvua kioo kinapofunikwa na ukungu, kisha hukizima na kuiacha koili ikiwa na maji. Dawa ni kubadilisha kichujio cha hewa ya ndani, ambacho katika magari mengi ya Toyota huwa nyuma ya kijisanduku kilicho mbele ya abiria, kuzibua mrija wa kutolea maji chini ya gari, na kunyunyizia koili povu la kuisafishia linalouzwa madukani. Baadaye dereva ajizoeze kuzima kipoza hewa dakika tano kabla ya kufika, huku feni ikiendelea kupuliza ili koili ikauke. Mara nyingi fundi akifungua mahali hapo hukuta kichujio hakipo kabisa, na badala yake kuna majani makavu na kiota cha panya.

Maziwa, omena na mizigo mingine

Maziwa yaliyomwagika yashughulikiwe saa ile ile, kwa maji baridi. Maji moto hugandisha protini ndani ya nyuzi za kitambaa, na hapo haing'oki tena kwa urahisi. Yaliyokwisha kuingia ndani ya sponji huhitaji vimeng'enya, yaani chembechembe zinazomeng'enya protini na mafuta, ambazo hupatikana katika baadhi ya sabuni za unga za kufulia, soma pakiti. Kosa la kawaida ni kupaka na kupangusa mara moja. Vimeng'enya hufanya kazi vikiwa na unyevu pekee. Paka, funika kwa karatasi ya plastiki usiku kucha, kisha asubuhi nyonya maji kwa mashine ya kufyonzea, suuza kidogo na ufyonze tena. Bikaboneti inyunyizwe mwishoni, kiti kikikaribia kukauka, na kuondolewa kesho yake.

Bikaboneti isichanganywe na magadi ya sokoni. Magadi yana alikali kali zaidi; hukakamaza ngozi ya viti, hupausha rangi na kula alumini.

Omena huhitaji utaratibu wa kinyume. Wengi hukimbilia maji, ilhali samaki hao husafirishwa wakiwa wamekaushwa, na kinachonuka ni unga na magamba yaliyodondoka kwenye reli za viti na chini ya zulia. Maji huugeuza unga huo kuwa supu. Fyonza kwanza ukiwa mkavu, hadi kwenye kila mwanya, kwa brashi na mashine. Ndipo upanguse kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kinyesi cha kuku hutoa amonia, na hufuata njia iyo hiyo ya ukavu kwanza na asidi baadaye, ila barakoa ni ya lazima. Turubai zito lililokunjwa kingo zake kuelekea juu, likatandazwa kabla ya kupakia, humwepushia mwenye gari kazi hii yote. Ajabu ni kwamba watu hutandika turubai ili kuhifadhi mzigo usiloe, na hawatandiki ili kuhifadhi gari.

Mkojo wa mtoto na matapishi hutibiwa kwa vimeng'enya kama maziwa. Panya aliyefia ndani ya gari atafutwe kwa pua: chini ya viti, ndani ya feni ya dashibodi, juu ya injini. Glavu zivaliwe, kiota kiloweshwe kwa maji yenye dawa kidogo ya klorini kabla ya kuguswa, na kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa kuwa mkojo wa panya hubeba maradhi.

Moshi wa sigara

Moshi wa sigara ni sugu kwa sababu huacha utando wa lami juu ya kila kitu. Jaribu kupangusa kioo cha mbele kwa ndani kwa kitambaa cheupe chenye siki na maji. Kikitoka cha manjano, utando huo umo pia kwenye paa, mikanda na mifereji ya hewa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba nikotini iliyogandamana kwenye nyuso za vitu inaweza kuungana na kemikali za hewani na kutengeneza nitrosamini zinazohusishwa na saratani. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo asilichukulie suala hili kuwa la starehe ya pua tu.

Vioo na plastiki huoshwa kwanza, mara mbili au tatu. Mikanda huvutwa hadi mwisho, ikaoshwa kwa sabuni hafifu na kuachwa nje mpaka ikauke. Dawa ya kung'arisha nguo isikaribie hapo maana hudhoofisha nyuzi ambazo siku moja zitahitajika kumshikilia mtu. Kitambaa cha paa kipanguswe kwa wepesi sana. Kikiloweshwa, gundi huachia na paa huanguka juu ya vichwa vya abiria.

Vipuri

Kipuri cha mtumba hubeba harufu ya gari lililokufa. Viti ndivyo vibaya zaidi. Mnunuzi akivikuta Kirinyaga Road jijini Nairobi au katika gereji za Kisii, avipindue, afungue zipu au vibanio vya kitambaa na kuinusa sponji yenyewe. Kitambaa huoshwa kikanukia vizuri siku ya kuuzwa. Sponji iliyoingia dizeli, mkojo au maji ya mafuriko haifai kuhangaikiwa: nunua fremu, acha sponji, umpe mshona viti akukatie nyingine.

Giaboksi iliyotumika huweza kunuka vikali, karibu na kitunguu saumu, kwa sababu mafuta mengi ya gia yana viambato vya salfa. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni harufu ya kuungua, ambayo katika giaboksi ya otomatiki huashiria kwamba klachi za ndani zimeungua. Kipuri hicho hakioshwi. Huachwa pale pale dukani. Sehemu ya nje isafishwe kwa sabuni ya kuondoa grisi au mafuta ya taa, kamwe si petroli.

Tangi la mafuta linastahili onyo la pekee. Tangi lililokaa miezi likiwa tupu, hata likawa halinuki sana, bado lina mvuke wa kutosha kulipuka, na kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi kulifanya liwe salama kuchomelewa. Fundi wa jua kali asiyekuwa na njia ya kulijaza gesi isiyowaka alikatae tangi hilo, na mteja asimshurutishe. Harufu ya petroli hutoweka kwa kupepewa siku kadhaa mahali pa wazi. Dizeli haivukizi upesi, na zulia lililomwagikiwa hufunikwa kwa vumbi la mbao usiku kucha, likazolewa, kisha likasuguliwa kwa sabuni ya vyombo.

Maji machafu ya kazi hizi yasimwagwe mtoni. Kijito cha Nyakomisaro kinachopita mjini Kisii kimeshabeba mafuta na sabuni za kutosha.

Michanganyiko ya hatari

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ikiwemo ya mkojo, hutoa kloramini. Gesi zote mbili huchoma mapafu, na chumba cha gari ni kidogo kuliko choo cha nyumbani. Kwa hiyo kiti kilichokojolewa kisimwagiwe klorini, hata kama ndiyo dawa iliyo karibu.

Mashine za ozoni, ambazo baadhi ya waosha magari huzitumia, huondoa kweli mabaki ya moshi na uvundo baada ya uchafu wenyewe kutolewa. Lakini ozoni ni sumu kwa mapafu na huharibu raba. Asibaki mtu wala mnyama ndani wakati mashine inafanya kazi, na milango ifunguliwe kwa saa kadhaa baadaye. Anayeahidi kuondoa harufu kwa nusu saa bila kuinua zulia anauza upepo.

Kabla ya kununua

Pua huchoka. Ndani ya dakika chache huacha kuisikia harufu iliyo mbele yake, na muuzaji analijua hilo anapokuketisha garini na kuanza mazungumzo marefu. Nenda asubuhi na mapema, mwombe asilifungue gari kabla hujafika, na hukumu kwa pumzi za kwanza. Toka nje, tembea kidogo, rudi. Mchukue mtu asiyevuta sigara. Washa hita hadi mwisho, kisha kipoza hewa, kwani kila kimoja huamsha harufu yake. Marashi makali mno kwenye gari la kuuzwa ni sababu ya kulikagua mara mbili.

Kwa gari lililotoka moja kwa moja Japani, omba karatasi ya mnada. Hali ya ndani hupewa herufi, A ikiwa bora, na alama za sigara au harufu huishusha. Mara nyingi maelezo huandikwa kwa Kijapani na hupatikana mtu wa kuyatafsiri.

Gari lililozama majini ndilo la kuepukwa kabisa, na yapo yaliyozama nchini, ikiwemo katika mafuriko ya Nairobi ya mwaka wa 2024. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho utafute mstari wa matope. Inua gurudumu la akiba. Tazama kutu kwenye nati za viti, na ukungu ndani ya taa. Uvundo wa gari la namna hiyo unaweza kuondolewa. Kutu iliyomo ndani ya soketi za breki na mifuko ya hewa haitaondoka, na itajitokeza miezi baadaye.

Na ukishalisafisha la kwako, usiamue siku hiyo hiyo. Lifunge madirisha yote kwenye jua la saa sita kwa muda wa saa mbili, kisha ufungue mlango mmoja na kuingiza kichwa. Joto hutoa kilichojificha. Harufu ikirudi, angalia upande iliko kali zaidi, chukua spana nambari 14, uanze na kiti cha upande huo.